Goma: Nilidhani ni bomu, kumbe ni ngoma

Februari 2014, miezi mitatu baada ya waasi wa M23 kushindwa, Amani Festival ilifanyika kwa mara ya kwanza mjini Goma, kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Nilikuwa na miaka 15. Mama alikataa niende, yaya akamsihi mpaka akakubali.

Ngoma kubwa ilipolia kwenye vipaza sauti, niliinama chini, mikono kichwani. Nilidhani ni bomu. Nilipoinua macho, nikaona vijana wengine pembeni yangu wameinama vilevile. Tukaangaliana, tukacheka, tukaanza kucheza mpaka jioni.

Nyumbani, mama aliniuliza kama niliogopa.

“Ndiyo, mama,” nikamjibu. “Lakini mara moja tu.”