Kijana wa kanisa anataka kuwa rubani: atajifunza nini?

Mara kadhaa makanisa ya upande wetu wa mashariki yametuuliza jambo hili. Kijana anasimama mbele ya wazee, anasema moyo wake unamvuta kuendesha ndege ndogo, kama zile zinazoshuka Bunia, Nyankunde na kwenye viwanja vya udongo katikati ya pori. Familia iko tayari kuuza shamba. Kanisa linaombwa mchango. Wazee wanataka kujua masomo hayo ni ya namna gani, yanachukua muda gani, na kama kijana atakayerudi na karatasi mkononi ataweza kweli kubeba watu. Tunajibu hapa kadiri tunavyoweza, kwa maana shamba likishauzwa halirudi.

Katika sehemu nyingi za Ituri na Kivu, safari ya gari ya siku mbili au tatu, mvua ikiwa imekwisha kula barabara, ndege ndogo huifanya kwa muda usiofika hata saa moja. Huleta dawa na daktari, hurudi na mgonjwa. Wengi wetu tumekwisha kupanda, tukapimwa uzito sisi na mizigo yetu, na kunung'unika kidogo. Sababu ya kupimwa huko tutaifikia.

Mwanafunzi kwa kawaida huanza na ndege ya moteri moja yenye viti viwili au vinne. Inayojulikana kuliko zote ni Cessna 172, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. Zimetengenezwa zaidi ya 44,000. Ina usukani wa mkono wa mwanafunzi na mwingine wa mwalimu aliyeketi kando yake, na pedali za miguu kwa wote wawili. Mwalimu anaweza kuichukua ndege wakati wowote, na wote husema kwa sauti nani anaishika, ili pasiwe na dakika ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeendesha.

Jambo la kwanza analofundishwa ni kwamba ndege hubebwa na bawa. Moteri huizungusha rafadha, yaani ile helisi ya mbele, nayo huivuta ndege. Ndege ikienda mbele, hewa hupita juu na chini ya bawa na kuliinua. Watu wengi hudhani moteri ikizimika ndege huanguka kama jiwe. Sivyo. Cessna 172 iliyo mita 1,000 juu ya ardhi, moteri ikinyamaza, inaweza bado kuteleza angani kilomita kama 9 ikiwa rubani anashika mwendo unaotakiwa. Kwa hiyo mwalimu hupunguza moteri ghafla katikati ya somo na kuuliza: utashuka wapi? Mwanafunzi lazima awe na jibu, shamba gani, barabara gani, upepo unatoka wapi. Akijizoeza hivyo kila siku, macho yake hutafuta mahali pa kushukia hata asipoulizwa. Juu ya msitu wa Ituri swali hilo ni gumu zaidi, na ndiyo maana wanaoruka huko huanza kwingine.

Hatari iliyo kubwa kuliko moteri kuzimika ni bawa kuacha kubeba. Bawa likielekezwa juu mno kuikabili hewa, pembe ikifika digrii kama 15 au 16, hewa haiwezi tena kulifuata vizuri na nguvu ya kuinua hupotea. Ndege hutetemeka, pua huanguka. Mwili wa mtu hutaka kuvuta usukani ili kupanda, na kuvuta huko huongeza matata. Dawa yake ni kusukuma usukani mbele, kushusha pua, kuliacha bawa lishike hewa tena, kisha kuongeza moteri. Somo hili hufanywa juu sana, mbali na ardhi, na hurudiwa mpaka mkono ujifunze kushinda hofu yake. Tumesikia wanafunzi wakisema kwamba hiyo ndiyo siku waliyotaka kurudi nyumbani.

Kabla ya kuruka, mwanafunzi huizunguka ndege kwa miguu. Hushika kingo za mabawa, hutazama magurudumu, hupima mafuta ya kulainisha moteri, hupanda kuangalia mafuta ndani ya matangi kwa macho yake. Kisha huchota kidogo kutoka chini ya kila tangi katika kikombe cheupe kinachoonyesha ndani. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hukaa chini, na akiyaona huendelea kumwaga mpaka yaishe. Rangi pia ina habari: mafuta ya ndege hizi ndogo za pistoni yametiwa rangi ya buluu, na yale ya moteri za jeti hayana rangi hiyo. Anayetia mafuta kutoka bidoni mahali palipo mbali hawezi kuruka hatua hii. Sisi wachungaji huombea safari, na ni vema. Lakini maombi yafanywe baada ya kikombe kutazamwa.

Ndani ya ndege kuna karatasi ya ukaguzi, na mwanafunzi huisoma mstari kwa mstari hata akiijua kwa moyo. Desturi hii ina asili yake. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Wright Field, Marekani, ndege mpya ya Boeing iliyokuwa ikijaribiwa na jeshi ilipanda na kuanguka, kwa sababu kufuli la kuzuia sehemu za usukani zisipeperushwe na upepo lilikuwa halijafunguliwa. Aliyeiendesha alikuwa rubani mwenye uzoefu mkubwa. Waliobaki hawakusema marubani wawe na akili zaidi, waliandika orodha. Ndege hiyo ikaja kuwa ile B-17 iliyotengenezwa kwa maelfu.

Halafu mizunguko. Kwa wiki nyingi mwanafunzi hufanya kitu kile kile: kupanda kuufuata upepo wa mbele, kugeuka, kwenda sambamba na kiwanja kwa kimo cha mita kama 300, kugeuka mara mbili tena, kushuka, kugusa ardhi, kuongeza moteri, kupanda. Mara sita, mara nane kwa saa moja. Kushuka ndiko kunakowachosha wengi. Mita chache juu ya ardhi rubani hunyanyua pua polepole, huondoa nguvu ya moteri, na kuiacha ndege ichoke yenyewe mpaka magurudumu ya nyuma yaguse. Anayetazama ardhi iliyo karibu na pua hunyanyua mapema au akachelewa. Mwalimu humwambia atazame mwisho wa kiwanja. Upepo ukitoka kando, bawa moja hushushwa upande wa upepo, na mguu wa upande wa pili husukuma pedali ili ndege ielekee sawa na kiwanja. Mikono inafanya hili, miguu inafanya lile. Anayejua kupiga ngoma mbili kwa wakati mmoja ataelewa.

Siku moja, bila kutangaza, mwalimu hufungua mlango na kushuka. Amwambia mwanafunzi azunguke peke yake. Wengine hufika hapo baada ya saa 10 au 15 za kuruka, wengine baada ya 25, na kuchelewa si dalili ya kukosa kipaji. Ndege huwa nyepesi kwa sababu mwalimu hayumo, hupanda upesi kuliko ilivyozoeleka, na kiti cha kando ni kitupu. Marekani wana desturi ya kuukata mgongo wa shati la mwanafunzi siku hiyo na kulitundika ukutani.

Sasa tuseme juu ya mizani. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo hesabu za kukadiria: uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, urefu wa kiwanja unaohitajika kupandia huongezeka kwa asilimia kama 20. Kila mita 300 za mwinuko wa mahali huongeza asilimia 10, na kila nyuzi 10 za joto huongeza asilimia 10 nyingine. Tena haya huzidishana, moja juu ya lingine. Kiwanja cha Bunia kiko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kile cha Goma zaidi ya mita 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi: bawa hupata kidogo cha kushika, rafadha vilevile, na moteri hupumua kwa shida. Fanya hesabu hiyo na utaona kwamba kwa mwinuko peke yake ndege ile ile inahitaji Bunia karibu mara moja na nusu ya urefu inaohitaji pwani, na Goma zaidi kidogo ya hapo. Bado hatujataja jua la saa nane mchana, wala majani marefu, wala tope.

Ndiyo maana rubani hukataa gunia la maharagwe lililoletwa dakika ya mwisho, hata akiliomba askofu. Tumeshuhudia wenyewe, kwenye kiwanja kimoja cha porini, wazee wakimzunguka rubani kijana na kumwambia kwamba kilo 40 si kitu, kwamba yule aliyetangulia alikuwa akikubali. Alipima, akaandika, akalikataa. Wengine walimwita mwenye kiburi. Kwa maoni yetu kanisa linalotaka kumsomesha rubani lijizoeze kwanza kusikia neno hapana kutoka kwake.

Mahali mzigo unapowekwa nako kuna hesabu yake. Ukiwekwa nyuma sana, mkia huwa mzito, pua hutaka kupanda, na tunarudi kwenye lile bawa lililoacha kubeba.

Mawingu pia. Mwanafunzi wa mwanzo huruka kwa kutazama nje tu, na sheria humkataza kuingia katika wingu. Ndani ya wingu sikio hudanganya: ndege inageuka kulia na mwili unasema tunaenda sawa. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo peke yake, wakiwa wamezibwa wasione nje. Wote 20 waliipoteza ndege mikononi, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki hata dakika tatu. Katika milima yetu, ambako mvua hufunga bonde wakati kikombe cha chai bado kina moto, rubani anayegeuka na kurudi alikotoka amefanya kazi yake, ingawa mgonjwa anangoja upande wa pili. Ni neno gumu kwa familia ya mgonjwa. Hata hivyo ndivyo lilivyo.

Kuhusu lugha, kijana wetu atakuwa na Kifaransa, nacho kinatumika kwenye redio hapa Kongo. Lakini vitabu vingi vya fani hii ni vya Kiingereza, na anayeruka kwenda nchi nyingine huulizwa cheti cha Kiingereza cha angani, kwa kipimo cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambacho chini yake ni kiwango cha 4. Mwaka mmoja wa Kiingereza nyumbani ni bei nafuu kuliko kujifunza lugha huku moteri inaunguruma kwa malipo ya saa.

Na malipo hayo ni makubwa. Kanuni za ICAO zinadai kwa leseni ya rubani binafsi umri wa miaka 17 na saa zisizopungua 40 za kuruka, au 35 katika shule iliyoidhinishwa. Ndani yake 10 ziwe za peke yake, pamoja na safari moja ya kilomita zisizopungua 270 yenye kushuka kwenye viwanja viwili tofauti. Wengi huhitaji zaidi, 60 au 70. Huko Marekani leseni hiyo peke yake mara nyingi hupita dola 10,000. Wazee waelewe vizuri: leseni ya binafsi hairuhusu kulipwa kwa kubeba watu. Kwa hilo inatakiwa leseni ya biashara, yenye saa 200, au 150 katika masomo yaliyoidhinishwa, na gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Hata akiipata, mashirika yanayoruka kwenye viwanja vya porini hudai saa nyingi zaidi ya hizo, na humfundisha upya kwa viwanja vile. Michango ya makanisa hukatika mara nyingi katikati ya njia hii, kijana akiwa na saa 40 na bila kazi. Afadhali kutoanza.

Karibu nasi kuna chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, na zipo shule kwenye kiwanja cha Wilson, Nairobi. Leseni ya nchi nyingine lazima ikubaliwe na mamlaka yetu ya usafiri wa anga, AAC, kabla ya kutumika hapa. Familia iulize Kinshasa mapema ni karatasi gani zinatakiwa.

Lakini kabla ya chuo kuna daktari. Rubani hupimwa na daktari aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo: macho, masikio, moyo, historia ya kifafa, kisukari. Hupimwa pia kama anatofautisha rangi, kwa sababu redio ikifa mnara humwongoza kwa taa ya kijani au nyekundu. Kuna cheti cha daraja la pili kwa rubani binafsi na cha daraja la kwanza, chenye masharti makali, kwa anayelipwa. Kijana anayelenga kazi aombe cha daraja la kwanza tangu mwanzo, kabla ya kulipa ada yoyote, na jibu la daktari lisomwe mbele ya familia yote kabla mtu hajaja kupima mipaka ya shamba.