Kijumba cha Mlimani: Desturi ya Jamaa za Norway

Si ajabu mtu kuwa na nyumba yake kijijini, tena akawa na kibanda kingine mbali nayo kwa ajili ya kazi. Mkulima ana dungu lake shambani la kuamia ndege. Wavuvi wana dago lao, wakae huko mpaka msimu wa samaki uishe. Lakini kibanda kisicho na shamba wala nyavu, kisicho na bomba la maji wala taa ya umeme, ambacho watu hukitamani kuliko nyumba yao ya mjini yenye kila kitu, hicho ni jambo la kustaajabisha kidogo. Basi mwezi huu twataka kuwaeleza wasomaji wetu desturi hiyo kama ilivyo katika nchi ya Norway, kaskazini ya Ulaya, na shida iliyoipata siku hizi.

Norway ina watu kama milioni 5 na nusu, na vijumba vya namna hii ni zaidi ya 400,000. Si vyote vilivyo milimani, kwani vingine viko kando ya bahari. Walakini Mnorway asemapo, "Twaenda hytte," yaani kijumbani, mara nyingi amsikiaye huuona mlima katika mawazo yake. Asiye na chake huazima cha mjomba wake, ama hulala katika vijumba vya chama cha waendao milimani, kilichoanzishwa mwaka 1868. Chama hicho kina vijumba zaidi ya 500, na vingi havina mlinzi. Mwanachama huja na ufunguo, hufungua mwenyewe, huchukua unga na chakula cha makopo katika stoo, kisha huandika alichokula na kulipa. Hakuna amchunguzaye.

Zamani milima hiyo ilikuwa mahali pa kazi tupu. Majira ya joto yalipoingia, ng'ombe na mbuzi walipelekwa juu penye majani mapya, na wanawake na wasichana wakakaa nao huko, wakikamua na kufanya siagi na jibini, hali wenzao bondeni wakikata majani ya kukausha, yawe chakula cha mifugo wakati wa baridi. Malisho hayo huitwa seter. Vibanda vyake vilijengwa kwa magogo yaliyochongwa hata yakashikana pembeni bila msumari, na juu ya paa walitandika maganda ya mti mweupe uitwao bjørk, kisha udongo wenye nyasi zinazoota. Ukulima ulipobadilika, seter nyingi ziliachwa, na vibanda vyake vikawa vya kupumzikia.

Watu wa mjini nao wakaanza kupanda. Mwaka 1909 ilifunguliwa reli ya kutoka mji mkuu mpaka Bergen, ipitayo juu ya milima kwa kimo cha zaidi ya mita 1,200. Mwaka 1919 sheria iliweka siku ya kazi kuwa saa 8, na sheria ya mwaka 1947, nchi ilipokwisha kutoka katika mikono ya adui waliyoikalia tangu 1940 hata 1945, ikampa mfanyakazi majuma 3 ya mapumziko kila mwaka. Motakaa bado zilikuwa shida. Mpaka mwaka 1960 mtu hakuweza kununua motakaa mpya bila kibali cha serikali. Kwa hiyo katika vijumba vya miaka ile viko vingi ambavyo mbao zake zilichukuliwa mgongoni, au ziliburutwa na farasi juu ya theluji. Babu aliyebeba jiko la chuma kwa kamba mabegani hakosi kuwakumbusha wajukuu, nao huchoka kusikia.

Ndani ya kijumba cha namna ya zamani mna chumba kimoja au viwili. Pana jiko la kuni, meza ndefu, vitanda vya kupandana, na dari ndogo walalapo watoto. Choo ki nje. Maji huchotwa kijitoni, na wakati wa baridi hutobolewa tundu katika barafu ya ziwa, au theluji huyeyushwa jikoni. Nayo theluji mpya ni kitu cha kudanganya, kwani ndoo kumi zilizojaa hutoa kama ndoo moja tu ya maji. Mtoto wa mjini aliyezoea kufungua bomba, huko hujifunza kwamba maji yana uzito.

Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya kijumba. Nyumbani mjini baba hurudi jioni amechoka, mama naye ana kazi yake ya ofisini, na kila mtoto ana chumba chake na mlango wake. Kijumbani moto ni mmoja. Mtoto wa miaka sita huleta vijiti vya kuwashia. Asipovileta, hakuna chai, na wote watajua ni nani asiyevileta. Kaka huchanja kuni, dada hufuata maji, bibi akaketi karibu na jiko akimenya viazi, na baba ambaye mjini hakuonekana akikoroga chungu, huko hukoroga uji. Wakigombana asubuhi hawana pa kwenda ila nje, na nje yenye baridi si mahali pa kukaa na hasira muda mrefu.

Sasa tuyaangalie majira yenyewe. Wasomaji wakaao karibu na Kilimanjaro wameuona weupe wa kilele kwa mbali. Huko Norway weupe huo huja mpaka mlangoni, na mara nyingine huuziba mlango, ndiyo maana koleo la theluji huwekwa mahali linapopatikana upesi. Katika mwezi wa Februari shule hufungwa juma moja. Jamaa hufika kwa motakaa mpaka mwisho wa barabara, kisha hujifunga miguuni skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea, nao hukokota mizigo juu ya sleji, na mtoto mchanga akiwa amefungwa katika manyoya kama furushi. Wakifika, ndani ni baridi sawasawa na nje, maana magogo hunywa baridi kama udongo unywavyo maji. Moto huwashwa, nao hukaa saa nyingi kabla ya kuta kupata joto. Watu hula mchuzi wa kwanza wamevaa makoti yao. Saa hiyo ya kwanza ndiyo imjaribuyo mgeni; aliyeoa katika jamaa hiyo, akaivumilia bila kunung'unika, shemeji zake humhesabu kuwa wao.

Lakini wakati mkuu ni Pasaka. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu za nchi nzima, na wengi huongeza siku hata likawa juma zima. Jua limekwisha kurudi baada ya giza la miezi mingi, na theluji bado i nene. Basi huchimba kiti katika theluji mbele ya ukuta uelekeao kusini, hutandika ngozi, wakaketi na kuelekeza nyuso zao juani kama mijusi juu ya mwamba. Hula machungwa, ambayo huko ni chakula cha Pasaka kabisa, hunywa kakao, na jioni nyuso zao huwa nyekundu, kwani jua huwachoma kutoka juu, na theluji hulirudisha kutoka chini.

Jioni ni karata na vitabu. Kuna desturi moja ya kuchekesha, ya kusoma wakati wa Pasaka hadithi za wezi na wauaji. Chanzo chake ni mwaka 1923, vijana wawili, Nordahl Grieg na Nils Lie, walipotunga hadithi ya kunyang'anywa kwa gari moshi la Bergen. Tangazo la kitabu lilitiwa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti kwa maneno yaliyofanana na habari ya kweli, na watu wakashtuka wakidhani gari moshi limeibiwa usiku ule. Tangu hapo uuzaji wa vitabu vya namna hiyo haukukoma. Wako pia waadhimishao sikukuu kwa ibada: katika sehemu kadha wa kadha mchungaji hupanda na watu wake, na ibada hufanywa nje, na mara nyingine madhabahu yenyewe huchongwa kwa theluji.

Milima hiyo huua pia. Tufani huweza kushuka wakati mbingu ilikuwa nyeupe asubuhi, na mtu asione mkono wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mwaka 1952 yalianza kutangazwa maagizo ya akili ya mlimani, nayo karibu kila mtoto wa Norway huyajua: mwambie mtu uendako, chukua ramani na dira, jichimbie theluji mapema kabla nguvu hazijakuisha, na lijulikanalo kuliko yote, kwamba kurudi nyuma si aibu. Agizo hilo ni fupi, lakini baba aliyewaahidi watoto kilele, ambaye mbele yake anakiona kilele na nyuma yake anaona wingu, ana vita ndani ya moyo wake. Ageukaye hufika kijumbani na watoto wanaolia kwa kukosa kilele.

Mwezi wa Mei tutaupita haraka, kwa kuwa njia ni matope, mito imejaa na wengi hubaki mjini. Kiangazi usiku huwa mfupi, watoto hukataa kulala kwa kuwa jua nalo halijalala. Mwisho wa Julai na Agosti huiva molte, tunda la rangi ya dhahabu mfano wa forosadi, liotalo katika vinamasi. Hapo hata jamaa wakarimu huwa wachoyo. Mtu atakugawia chumvi yake ya mwisho, wala hatakuonyesha kinamasi chake. Sheria ya mwaka 1957 yampa kila mtu ruhusa ya kupita katika nyika isiyolimwa na kupiga hema humo, bora lisiwe karibu na nyumba kuliko mita 150. Kwa hiyo mbinu kubwa ni kwenda kuchuma kwa njia ya kuzunguka.

Wakati wa vuli majani hugeuka mekundu na manjano, shule hufungwa juma jingine, na wenye bunduki huwinda ndege mfano wa kwale. Hapo ndipo jamaa yote huitwa, mashangazi na mabinamu, kuchanja kuni za mwaka, kupaka rangi na kuziba paa. Kazi hiyo ya pamoja waiita dugnad. Msomaji wetu aijuaye ujima au msaragambo hahitaji kufafanuliwa. Malipo ni chakula cha jioni.

Katika kila kijumba kuna kitabu juu ya rafu. Waliokuja huandika tarehe, hali ya hewa, majina yao na waliyoyaona. Katika kitabu kimoja waweza kuona mistari ya mtoto asiyejua kusoma bado, kisha baada ya kurasa nyingi mwandiko wake wa mtu mzima, na mahali fulani mwandiko wa babu ukatetemeka, na baadaye usionekane tena.

Na babu akifa ndipo matata huanza. Ana watoto watatu, na wajukuu tisa, na Pasaka ni moja tu kwa mwaka. Mmoja akaa karibu, huenda kila juma na ndiye atengenezaye ngazi. Mwingine yuko mbali, huja mara moja, naye hulipa gharama sawa. Wa tatu ana madeni na ataka fedha. Sheria ya mwaka 1965 ihusuyo mali ya ushirika yamruhusu kila mwenye fungu kudai ushirika uvunjwe, na kama mali haigawanyiki, iuzwe. Kijumba hakigawanyiki. Kwa hiyo wenye busara huandikiana mapatano wazazi wangali hai: nani ana Pasaka ya mwaka huu na nani ya mwaka ujao, nani alipe paa, na atakaye kutoka auze fungu lake kwanza kwa ndugu zake. Wengine huona haya kuandikiana na ndugu wa tumbo moja. Mimi naona haya hiyo ni ghali, kwani ndugu walioshindwa kusema juu ya paa wameishia kusemezana kwa vinywa vya mawakili.

Shida nyingine yatoka katika utajiri. Vijumba vingi vijengwavyo siku hizi vina umeme, maji ya moto, barabara iliyosafishwa theluji, na chumba kwa kila mtoto. Siwalaumu wenyewe, mzee mwenye magoti mabovu hufika kijumba cha namna hiyo, na cha zamani hakifiki tena. Lakini pale ambapo hakuna wa kutumwa vijiti, mtoto wa miaka sita amepoteza kazi yake, na kila mtu huingia chumbani kwake kama mjini. Tena barabara na vijumba hivyo vimekata njia za rein wa mwituni, mnyama mwenye pembe za matawi. Mwaka 2021 aliandikwa katika orodha ya Norway ya viumbe vilivyo karibu na hatari ya kutoweka. Baadhi ya wenyeji wa mabonde husema waziwazi sasa kwamba mlima umejaa, na wengine hujibu kwamba bila vijumba mafundi na wenye maduka hawangepata kazi. Shauri hilo halijakwisha.

Hata hivyo namna ya kufunga kijumba cha zamani haijabadilika. Magodoro huinuliwa yakatundikwa panya wasiyafikie. Majivu hutolewa nje yakiwa yamepoa, ndoo hupinduliwa isipasuke kwa barafu, na kando ya jiko huachwa kuni kavu, vijiti na kiberiti, ili ajaye hata akifika usiku na vidole vimekufa ganzi apate kuwasha upesi. Wa mwisho huandika kitabuni vitu vilivyopungua: chumvi, mishumaa, mafuta ya taa. Kisha mlango hufungwa, na ufunguo huwekwa mahali ambapo jamaa yote wapajua.