Waya za Upepo kwenye Lori la Jeshi: Kutengeneza, Kununua Spea au Kung'oa?

Mtu akinunua lori la M923A2 mnadani huko Marekani, mara nyingi kinachomsumbua kwanza si injini. Cummins ya lita 8.3 iliyomo humo inafahamika, spea zake zipo, na fundi wa malori haiogopi. Kinachomsumbua ni kisanduku kwenye dashibodi chenye vitufe vya kuchagua upepo wa matairi: lami, njia mbovu, mchanga na dharura. Anawasha gari, anasubiri matangi ya upepo yajae, anabonyeza kitufe, na taa zinaanza kupepesa zote kwa pamoja. Hapo wengi hutoa pochi na kuagiza kisanduku kingine. Kikifika na kufungwa, nacho kinapepesa vilevile.

Mfumo huu wa kurekebisha upepo wa matairi, unaojulikana kwa herufi CTIS, si mgeni jeshini. Lori la kuelea la DUKW, lililoanza kutoka General Motors mwaka 1942, lilimwezesha dereva kupunguza upepo akipanda ufukoni na kuujaza tena akifika barabarani, bila kushuka kwenye kiti. Zama hizo aliyefanya kazi ni mkono wa dereva na valvu. Kwenye familia ya M939A2, ambamo M923A2 imo, na baadaye kwenye malori ya FMTV kama M1078 na M1083, kazi imekabidhiwa umeme. Lori likikaa uwanjani miaka mingi likinyeshewa, umeme ndio unaoharibika mwanzo.

Kabla ya kuhesabu dola, tujue kwanza kila waya una kazi gani. Kisanduku cha dashibodi ndicho kinachoamua. Kinatuma umeme wa volti 24 hadi kwenye valvu za solenoidi zilizofungwa kwenye chesi. Hizo hupitisha upepo kwenye mipira hadi ndani ya habu, na kutoka habu hadi kwenye valvu ya gurudumu. Sensa ya presha hupima na kurudisha taarifa. Kuna swichi inayolinda breki: matangi ya breki yasipotosheka, matairi hayapewi kitu. Kuna pia waya wa mwendo, ili ukikimbia na matairi yaliyolegezwa kwa ajili ya mchanga, taa ikuonye na mfumo uongeze upepo wenyewe. Kwenye M939A2 lami hutaka takriban pauni 60 kwa inchi ya mraba, njia mbovu 35, mchanga 25, na dharura 12. Taarifa moja ikikosekana, kisanduku hakibahatishi. Kinagoma kazi yote. Ndiyo maana taa zinazopepesa hazimaanishi kwamba kisanduku chenyewe kimekufa.

Tatizo la waya za jeshi ni kwamba hazina rangi za kukuongoza. Nyingi ni nyeusi, na utambulisho wake ni namba, mara nyingi iliyopigwa kwenye kibati kidogo karibu na soketi. Kwa bahati nzuri nyenzo ya kwanza ni ya bure: vitabu vya ufundi vya jeshi lenyewe, TM 9-2320-272 kwa familia ya M939 na TM 9-2320-365 kwa M1078, vinavyosambazwa kama faili bila malipo na vyenye michoro ya waya. Nyenzo ya pili ni multimita ya dola 20 au 30. Ya tatu, ambayo watu huidharau, ni balbu ya lori ya volti 24 iliyoungwa vipande viwili vya waya.

Balbu hiyo ina sababu. Waya ulioliwa na kutu unaweza kubakiwa na uzi mmoja tu ndani ya ganda lililo zima kabisa kwa macho. Multimita ukiigusisha pale inasoma volti 24 kamili, kwa kuwa yenyewe haivuti umeme wa maana, nawe unaapa kwamba waya ni mzima. Sasa chomoa waya ule pande zote mbili, upe umeme wa betri kupitia fyuzi, na upande wa pili ufunge balbu. Ikiwaka kwa uvivu kama kibatari kilichoishiwa mafuta, ubovu umeupata. Halafu utikise waya huku balbu inawaka, kipande kwa kipande, hasa unapopinda kwenye ukingo wa chesi. Kwenye FMTV angalia pia mahali ambapo kabini hulalia mbele, maana waya zinazopita pale hukunjwa kila kabini inapoinuliwa.

Soketi za chini ndizo zenye aibu kubwa zaidi. Ukizifungua unakuta unga wa kijani umejaa kwenye pini, na wakati mwingine maji yametulia humo tangu mvua iliyopita. Ethi nayo isisahaulike. Jeshi hupaka rangi bila huruma, na kuna malori ambayo rangi imepakwa juu ya boliti ya ethi na chini yake. Kukwangua sehemu hiyo hadi chuma king'ae, kisha kukaza boliti upya, hakugharimu chochote ila jasho.

Tuje kwenye bei. Kwa anayefanya mwenyewe, pini na soketi mpya, waya wa unene uleule, koleo la kubania viunganishi na mirija ya kujikunja kwa joto yenye gundi ndani, vyote havipaswi kuzidi dola 100, na vingi vinabaki kwa kazi nyingine. Mimi napendelea kubana kuliko kulehemu. Lehemu huufanya waya kuwa mkakamavu pale inapoishia, na mtikisiko wa lori la tani kadhaa huukata hapohapo. Kusokota na kufunga tepu nyeusi ni bei nafuu zaidi, hadi mvua ya kwanza.

Kwa anayepeleka gereji, hesabu inageuka. Gereji za malori makubwa Marekani kwa kawaida hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa, na kusaka waya mbovu si kazi ya saa moja, hasa kwa fundi ambaye hajawahi kuuona mfumo huu na anajifunza kwa pesa yako. Mwenye busara humaliza uchunguzi nyumbani, akampelekea fundi namba ya waya na ukurasa wa kitabu, kisha akalipia kutengeneza tu.

Seti nzima ya waya iliyotolewa kwenye lori lililochinjwa inavutia kwa bei, lakini ina umri uleule wa ile unayoitoa, na imepigwa na mvua ileile. Seti ambayo haijawahi kutumika, iliyotoka kwenye ghala la jeshi, ni bora kidogo, ingawa mpira uliokaa miaka ndani ya boksi nao hukauka. Ningeinunua tu ikiwa panya wamekula waya kwa urefu, au mwenye lori wa awali alikata na kuunga ovyo hadi namba zimepotea.

Kisanduku kiwe cha mwisho. Hata kilichotumika hugharimu mamia ya dola, na wauzaji wengi wa spea za umeme hawakubali kurudishiwa kikishafungwa. Ukilazimika, linganisha namba ya spea herufi kwa herufi, maana cha M939A2 si cha FMTV hata kama vitufe vinafanana. Ukimpata mwenye lori kama lako lililo zima, akuazime chake mchana mmoja. Utajua ukweli bila kununua.

Waya zinaweza kuwa nzima na upepo bado ukapotea. Changanya maji na sabuni, mwambie mtu abonyeze kitufe, na wewe uangalie mapovu kwenye viungo vya mipira na kwenye habu. Mpira wa upepo uliopasuka ni kitu kidogo. Sili za ndani ya habu ni habari nyingine: gurudumu litoke, habu ifunguliwe, na ukishafungua moja utajua nyingine tano zina umri uleule. Hapo ndipo ninapoanza kumshauri mtu aachane na mfumo.

Kuachana nao si aibu. Unaondoa valvu ya CTIS kwenye gurudumu, unafunga valvu ya kawaida, unaziba bomba la upepo linalotoka kwenye tangi, na kisanduku unakichomoa. Kwa kujaza, lori lina kompresa yake: kuna mipira yenye kichwa kinachoshika kwenye kiungo cha upepo wa trela, kwa makumi ya dola tu. Hasara yake ni muda. Magurudumu sita ya 14.00R20, kila moja likiwa na kimo cha mita moja na robo hivi, hayajai kwa dakika chache, nawe utazunguka na geji mkononi kila unapotoka mchangani. Jambo moja lisifanyiwe mzaha: rimu nyingi za kijeshi ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Nati za kuunganisha vipande hivyo zikifunguliwa tairi likiwa na upepo, rimu hulipuka na kuua.

Wapo wanaotaka njia ya Warusi. ZIL-157 ya mwaka 1958 na Ural-375 zilizofuata hujaza matairi kwa valvu za mkono na geji ndani ya kabini, bila kompyuta, na wengi huona uzuri wake. Lakini kuweka valvu ya mkono mahali pa kisanduku cha Kimarekani kuna mtego. Valvu za gurudumu za lori la Kimarekani hufunguka kwa presha na hujifunga bomba linapoachia upepo kwa ghafla. Ukiachia polepole, zinaendelea kutoa. Asiyejua hilo ataegesha jioni na kuamka na lori lililokaa kwenye rimu.

Anayeishi jirani na jangwa la Nevada na kuingia mchangani kila wikendi, atengeneze waya. Anayebeba kuni na kupita lami, aondoe. Na ambaye bado hajanunua, atazame M923A1: ina matairi yaleyale bila CTIS, ingawa injini yake ni Cummins NHC250 kubwa ya zamani. Ndugu zetu walioko Marekani wanaowaza kupakia lori la aina hii melini hadi Mombasa wajue kwamba Kenya kwa kawaida haipokei gari la zaidi ya miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto.

Ukiamua kung'oa, usitupe kisanduku kizima wala solenoidi. Yupo ambaye taa zake zinapepesa leo na hajasikia habari ya balbu ya volti 24. Atazinunua kwa bei itakayolipia valvu zako zote sita.