Hongo ikila mkataba, hasara ni ya nani? Kesi za mabilioni zinazoamuliwa mbali na mahakama zetu

MNAMO 1989 mfanyabiashara Nasir Ibrahim Ali alifika katika makazi ya Rais Daniel arap Moi jijini Nairobi akiwa na mkoba uliojaa pesa taslimu. Mkoba huo uliwekwa kando ya ukuta. Mazungumzo yalipokwisha aliuchukua na kuondoka, na alipoufungua akakuta pesa hazimo tena. Mahali pake palikuwa na mahindi mabichi.

Kisa hiki hakikubuniwa na wapinzani wa kisiasa wala hakikutoka katika gazeti la udaku. Bw Ali alikisimulia mwenyewe katika ushahidi wake wa maandishi mbele ya jopo la wasuluhishi watatu, katika kesi ambayo kampuni yake, World Duty Free, ilikuwa imeishtaki Kenya. Ushahidi huo ndio uliomwangusha.

Kampuni hiyo, iliyosajiliwa katika kisiwa cha Isle of Man, ilikuwa imepata kandarasi ya kujenga na kuendesha maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Baadaye ikalalamika kwamba serikali iliipokonya mali yake na kuiweka mikononi mwa mrasimu. Ilipotakiwa kueleza jinsi kandarasi ilivyopatikana, ilikiri kuwa dola milioni 2 za Marekani zilitolewa kwa Rais. Ikajitetea kwamba huo ulikuwa mchango wa kibinafsi, desturi ya kawaida kwa anayetaka kufanya biashara nchini, na kwamba ulienda sambamba na utamaduni wa Harambee.

Jopo halikukubali. Katika uamuzi wake wa Oktoba 4, 2006 lilisema pesa hizo zilikuwa hongo, na kwamba hongo inakwenda kinyume na maadili ya umma yanayokubaliwa karibu na mataifa yote, mbali na kukiuka sheria za Uingereza na Kenya zilizosimamia mkataba wenyewe. Kampuni ikaondoka mikono mitupu na Kenya ikanusurika.

Hata hivyo, wasuluhishi hao hawakuficha kwamba jambo moja liliwakera. Aliyepokea pesa hakuwa karani wa forodha, bali kiongozi wa juu kabisa wa taifa. Na sasa taifa hilohilo lilikuwa likitumia kosa la rais wake wa zamani kama ngao ya kujikinga. Waligusia pia kwamba Kenya haikuwa imechukua hatua ya kumshtaki wala kuzirejesha pesa hizo. Mzee Moi, ambaye hakuwa mshtakiwa katika kesi hiyo, aliaga dunia Februari 4, 2020, bila kufunguliwa mashtaka kuhusu suala hilo.

Kwa nini basi waliamua hivyo? Jibu lao lilikuwa kwamba sheria inapokataa kusikiza dai lililojengwa juu ya hongo, haimlindi mshtakiwa. Inamlinda mwananchi anayelipa ushuru, ambaye hakuwa na habari ya mkoba wala mahindi. Jibu hilo lina nguvu, lakini halijamaliza ubishi. Takriban miaka 20 baadaye, wanasheria wa fani hii wangali wanajadili iwapo ni haki mtoaji hongo apoteze kila kitu huku upande wa mpokeaji ukibaki na maduka, migodi au visima vya mafuta.

Pengine msomaji anajiuliza usuluhishi huu ni upi. Neno lenyewe hupotosha, kwa maana Waswahili tukisikia msuluhishi tunamwaza mzee anayeketi na wagomvi hadi wakapeana mikono. Usuluhishi wa kimataifa hauko hivyo. Ni kesi kamili, yenye mashahidi, mawakili na hukumu inayofunga pande zote. Tofauti ni kwamba wanaoamua ni watu walioteuliwa na wagomvi wenyewe. Kwa kawaida kila upande huchagua mmoja, kisha mwenyekiti hupatikana kwa makubaliano au huteuliwa na taasisi inayosimamia kesi.

Kesi za wawekezaji dhidi ya serikali mara nyingi hupelekwa katika kituo cha Benki ya Dunia kilichoko Washington, kijulikanacho kwa ufupisho ICSID. Kenya imekuwa mwanachama tangu 1967. Uamuzi wa kituo hicho hauwezi kukatiwa rufaa katika mahakama ya nchi yoyote. Anayeshindwa anaweza tu kuomba kamati ya kituo chenyewe iubatilishe, kwa sababu chache mno. Kesi nyingine hutegemea Mkataba wa New York wa 1958, ambao Kenya ilijiunga nao mnamo 1989, na unaomruhusu mshindi kufuata mali ya mdeni wake katika nchi zote wanachama. Ndiyo maana serikali haiwezi kuupuuza uamuzi wa aina hii kana kwamba ni barua ya malalamishi.

Mfano wa pili kwetu unatoka Kwale. Mlima Mrima una madini ya niobiamu na madini mengine adimu yanayotafutwa na viwanda vya ulimwengu. Kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba huko mapema Machi 2013, siku chache tu baada ya uchaguzi mkuu, wakati serikali moja ilikuwa ikifunga virago na nyingine haijaapishwa. Agosti mwaka huohuo, waziri mpya wa madini wakati huo, Bw Najib Balala, alitangaza kufutwa kwake pamoja na leseni nyingine zilizotolewa katika kipindi hicho.

Cortec ilienda Mahakama Kuu ikashindwa 2015, ikaenda Mahakama ya Rufaa ikashindwa tena 2017. Wakati huohuo ilikuwa imefungua kesi katika kituo cha Washington chini ya mkataba wa Kenya na Uingereza wa kulinda vitega uchumi, ikidai fidia ya takriban dola bilioni 2.

Oktoba 22, 2018 jopo liliamua kwamba leseni hiyo haikuwa na uhai tangu ilipotiwa saini. Mrima ni msitu wa hifadhi, na masharti ya sheria kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira hayakuwa yametimizwa. Kwa kuwa mkataba wa kulinda vitega uchumi hulinda tu kitega uchumi halali, hapakuwa na cha kulindwa. Ombi la Cortec la kubatilisha uamuzi huo lilikataliwa Machi 2021.

Wengi walishangilia, na walikuwa na sababu. Lakini tazama tena nani alitoa leseni hiyo. Ni afisa wa serikali ya Kenya, kwa karatasi ya serikali ya Kenya. Hapa hapakuwa na haja ya kuthibitisha hongo, ila mantiki ni ileile ya mkoba na mahindi: makosa ya ofisi ya umma yaliiokoa hazina ya umma. Kwa maoni ya mwandishi huyu uamuzi wa Mrima ulikuwa sahihi, kwani mwekezaji mwenye mawakili na wataalamu wa jiolojia hawezi kudai hakujua kuwa msitu wa hifadhi hauchimbwi bila kibali. Hata hivyo, serikali haipaswi kuugeuza uzembe wa maafisa wake kuwa mbinu ya kushinda kesi.

Mbinu hiyo haina maana yoyote mwekezaji anapokuwa na makaratasi safi. Jirani zetu Tanzania walilijua hilo. Walipofanyia mabadiliko sheria ya madini mnamo 2017 na kufuta leseni za kuhodhi maeneo ya madini mwaka uliofuata, kampuni zilizokuwa na leseni hizo zilikimbilia Washington. Moja ilihusu madini ya nikeli ya Ntaka Hill, wilayani Nachingwea. Julai 2023 jopo liliamuru ilipwe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka mmoja baadaye pande hizo zikakubaliana dola milioni 90. Kampuni nyingine mbili zilimaliza kesi zao kwa makubaliano ya dola milioni 30 na dola milioni 27.

Nigeria nayo ilionja pande zote mbili za kisu. Mnamo 2010 wizara yake ya mafuta ilitia saini mkataba wa kiwanda cha kusafisha gesi na kampuni ya P&ID, iliyosajiliwa katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Kiwanda hakikujengwa. Nigeria haikuleta gesi, kampuni haikuweka hata tofali, na kesi ikaanza London. Januari 2017 jopo likaamuru Nigeria ilipe dola bilioni 6.6 pamoja na riba. Riba hiyo ilipanda hadi deni likapita dola bilioni 11.

Ndipo Nigeria ikaanza kuchimbua. Oktoba 23, 2023 Jaji Robin Knowles wa Mahakama Kuu ya Uingereza alisema uamuzi ule ulipatikana kwa ulaghai. P&ID ilikuwa imemlipa kwa siri afisa wa sheria wa wizara hiyo, ikatoa ushahidi wa uongo kwa jopo, na wakati kesi ikiendelea ilikuwa ikipokea na kuzisoma nyaraka za siri baina ya Nigeria na mawakili wake. Hili la mwisho ndilo linalotisha zaidi, kwani ni sawa na mchezaji wa karata anayeiona mikono ya mwenzake.

Jaji huyo hakuishia hapo. Alisema mawakili wa Nigeria katika usuluhishi huo hawakuikabili kazi ipasavyo, na kwamba jopo, ingawa lilikuwa na watu wa tajiriba kubwa, liliketi likisubiri kila upande ulete hoja zake. Akauliza: je, panapokuwa na mabilioni ya umma hatarini, na upande mmoja unaonekana wazi kulemewa, wasuluhishi wanapaswa kunyamaza? Je, usiri unaozunguka kesi hizi unafaa pale ambapo atakayelipa ni wananchi wa taifa zima?

Swali hilo limewagawanya wanasheria. Kundi moja linashikilia kwamba msuluhishi hana mamlaka ila yale aliyopewa na pande mbili, na akianza kupekua mambo ambayo hakuna aliyeyataja ataonekana ameegemea upande. Kundi la pili linasema hongo haijitangazi, na jopo lisilouliza litakuwa muhuri wa kuhalalisha wizi. Ikumbukwe kwamba katika kesi ya World Duty Free ukweli ulijitokeza kwa sababu mlalamishi mwenyewe alisimulia. Wachache hufanya hivyo.

Hapa ndipo maisha ya wasuluhishi wenyewe yanapogeuka kuwa suala la umma. Hawa si majaji wenye mshahara wa kudumu. Katika kituo cha Washington msuluhishi hulipwa dola 500 kwa saa tangu Julai 2022, na uteuzi wake unaofuata hutegemea sifa yake miongoni mwa mawakili wanaoteua. Isitoshe, wengine walizoea kuvaa kofia mbili: leo wakili wa mwekezaji katika kesi moja, kesho mwamuzi katika kesi nyingine yenye hoja ileile ya sheria.

Hatua zimechukuliwa. Mnamo Oktoba 2018 Rais wa wakati huo wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Abdulqawi Yusuf wa Somalia, aliliambia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwamba kwa kawaida majaji wa mahakama hiyo hawatakubali tena kuketi katika kesi za wawekezaji dhidi ya serikali. Mnamo 2023 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria ya Biashara ya Kimataifa ilipitisha kanuni za maadili zinazombana msuluhishi asiwe wakili katika kesi inayohusu hatua zilezile za serikali au wahusika walewale, wala kwa miaka 3 baadaye, isipokuwa pande zote zikubali. Hata hivyo, kanuni hizo huwa na makali tu pale zinapokubaliwa katika mkataba au na pande husika.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi mara nyingi. Jopo la World Duty Free liliongozwa na Mfaransa, akiwa pamoja na Mwaustralia na Mwingereza. Jopo la Mrima liliongozwa na Mkanada, akiwa na Mwaustralia na Mfaransa. Hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Sisemi kwamba wangeamua tofauti; Kenya ilishinda zote mbili. Lakini hoja ya Harambee, kwa mfano, ingefaa isikizwe pia na mtu aliyewahi kuchanga katika Harambee ya kweli, ya kujenga shule au kumpeleka mgonjwa hospitalini, na anayejua kuwa mchango wa namna hiyo haupelekwi kwa siri katika mkoba.

Si kwamba wataalamu hawapo. Tawi la Kenya la chama cha kimataifa cha wasuluhishi lenye makao Nairobi limekuwepo tangu 1984, na Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi mnamo 2013. Kikwazo huanza mapema zaidi, siku mkataba unapoandikwa, pale kifungu cha mwisho kinaposema mzozo ukitokea utaamuliwa London au Paris. Aghalabu kifungu hicho husomwa usiku wa manane, wakati kila mtu anataka kutia saini aende zake.

Wakili kijana anayeingia katika kazi hii jijini Nairobi hawi wa kusimama mbele ya jopo kwa miaka kadhaa. Huanza na masanduku ya faili. Hupanga barua kwa tarehe: nani aliomba leseni, idara ya misitu ilijibu nini, kibali cha mazingira kilitoka lini, na kama hakikutoka, ni nani aliyetia saini hata hivyo.