MCHECHETO: Fundi wa gemu anavyogeuka garasa mechi ikianza kuhesabiwa

KILA kitaa kina fundi wake wa gemu. Akikaa na washikaji, pedi mkononi, anapiga chenga, anapenyeza pasi za hatari, anafunga matano na bado anapata muda wa kuchonga. Mpeleke mtu huyohuyo kwenye mechi za mtandaoni za kupanda daraja, dhidi ya mpinzani asiyemjua aliyeko Cairo au Jakarta, uone. Viganja vinalowa jasho, pasi ya hatua mbili inakwenda kwa adui, straika anabaki yeye na kipa halafu anapaisha.

Mechi ikiisha zinaanza sababu. Intaneti ilikwama. Bando lilikuwa linaisha. Gemu yenyewe ilikuwa inambeba mpinzani. Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi kilichomfunga ni mchecheto.

Mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kufundishwa habari hii. Aprili 2023, Simba ilitolewa na Wydad Casablanca kwa matuta 4-3 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Morocco. Mwaka mmoja baadaye, hatua ileile, Yanga ikatoka kwa matuta 3-2 mbele ya Mamelodi Sundowns mjini Pretoria, baada ya mechi mbili zisizo na bao. Hakuna aliyekosa katika siku hizo mbili ambaye hajui kupiga mpira wa mita 11. Mpira ulikuwa uleule na goli lilelile. Kilichobadilika ni mambo yanayopita kichwani mwa mpigaji anapotembea kutoka katikati ya uwanja.

Huyo wa kwenye pedi naye anatembea safari hiyohiyo, tofauti ni kwamba amekaa kwenye kiti.

VIDOLE VIWILI, MZIGO WOTE

Mtu akihisi yuko hatarini, mwili unamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, mikono inatetemeka. Beki wa uwanjani ana nafuu. Anakimbia, anaruka, anagongana mabega na straika, na baada ya dakika chache mzuka ule umepata pa kutokea. Mcheza gemu hana pa kuupeleka. Nguvu zote zile zinaishia kwenye vidole gumba viwili.

Na gemu ya soka haitaki nguvu, inataka vipimo. Kitufe cha kupiga kikishikiliwa kidogo tu zaidi ya inavyotakiwa, mpira unakwenda jukwaani. Kitufe cha kukaba kikibonyezwa kwa pupa, beki anatoka kwenye nafasi yake. Ndiyo maana mwenye mchecheto hufungwa mabao yanayofanana: anamtoa beki wa kati akaufuate mpira, mpinzani anapenyeza pasi nyuma yake, kwisha habari.

Kuna pia ishu ya namba. Mechi ya kirafiki ikiisha imeisha, lakini mechi ya daraja inaacha alama mbele ya jina la mtu, na kila anayekutana naye anaiona. FIFA 17, iliyotoka mwaka 2016, ilileta mashindano ya wikiendi yenye mechi 40, na zawadi zikapangwa kwa idadi ya ushindi. Mchezaji anaanza kupiga hesabu tangu Ijumaa usiku: nimepoteza ngapi, zimebaki ngapi, nikifungwa hii itakuwaje. Akifika mechi ya 30 hachezi tena na mpinzani, anacheza na kikokotoo.

Wapo wanaoshindwa hata kuanza. Wachezaji wa StarCraft II, gemu ya vita iliyotoka mwaka 2010, waliipa hali hiyo jina la hofu ya ngazi. Mtu amenunua gemu kwa fedha yake, anaijua, lakini akifika kwenye kitufe cha kutafuta mpinzani kidole kinakataa. Anaishia kucheza na kompyuta.

Kwa walio juu kabisa, namba hiyo ni fedha. Kwenye Kombe la Dunia la gemu ya FIFA, bingwa wa 2018 na wa 2019 kila mmoja alichukua dola 250,000. Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia alibeba la 2018 jijini London. Mwaka uliofuata akarudi fainali palepale, akafungwa na Mohammed Harkous wa Ujerumani. Bao moja kwenye skrini linaweza kuwa na thamani ya nyumba.

MGUU UKIFIKIRIWA, UNACHELEWA

Kwa nini mtu ashindwe kufanya kitu anachokiweza? Jibu mojawapo lilitoka kwenye soka lenyewe. Mwaka 2002, mwanasaikolojia wa Marekani, Sian Beilock, na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililowahusisha wachezaji wazoefu na wanaoanza. Kila mmoja alitakiwa kuupitisha mpira kati ya koni. Safari moja waliambiwa wafuatilie ni upande upi wa mguu unaougusa mpira. Safari nyingine walipewa kazi ya pembeni, kusikiliza maneno huku wakikokota.

Wazoefu, wakitumia mguu wao wa kulia, walikwenda taratibu zaidi walipoufikiria mguu. Walipokuwa wanasikiliza maneno, mguu ulijiendea wenyewe. Kwa mguu wa kushoto, ambao hawakuuzoea, mambo yaligeuka: kuufikiria kuliwasaidia.

Hapo ndipo siri ilipo. Kitu kilichokwisha kuingia kwenye damu hakitaki msimamizi. Fundi akicheza na washikaji havifikirii vidole vyake, anaongea, anacheka, vidole vinafanya kazi. Kwenye mechi ya daraja anaanza kujisimamia: nibonyeze hiki, nisibonyeze kile, nisikosee. Mguu wake wa kulia anaugeuza wa kushoto.

HARAKA YA KUMALIZA MATESO

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, ametumia miaka mingi kuchambua matuta ya mashindano makubwa. Aligundua kwamba mpigaji ambaye akifunga timu yake inashinda, hufunga zaidi ya mara tisa katika kumi. Yule ambaye akikosa timu inatoka, hushuka mpaka karibu mara sita. Umbali ni uleule wa mita 11.

Aligundua jambo jingine. Wanaokimbilia mpira mara tu filimbi inapolia hukosa zaidi. Wanataka mateso yaishe fasta. Na katika hesabu zake, wachezaji wa England walikuwa miongoni mwa wenye haraka kuliko wote.

Gareth Southgate aliyajua hayo kwa mwili wake. Alikosa penalti dhidi ya Ujerumani kwenye nusu fainali ya Euro 1996, England ikatoka. Alipokuwa kocha wa timu hiyo kwenye Kombe la Dunia 2018, matuta hayakuachwa tena kwa bahati. Yalifanyiwa mazoezi, wapigaji wakafundishwa kutulia kabla ya kukimbilia mpira, na chama cha soka kilikuwa kimemwajiri mwanasaikolojia Pippa Grange. England ikaitoa Colombia kwa 4-3, ushindi wake wa kwanza wa matuta kwenye Kombe la Dunia.

Hofu haikufa siku hiyo. Mwaka 2021 wakafungwa na Italia kwa matuta kwenye fainali ya Euro palepale Wembley, na Bukayo Saka alikuwa mmoja wa waliokosa. Miaka mitatu baadaye, robo fainali ya Euro 2024 dhidi ya Uswisi, wapigaji wote watano wa England walifunga. Mmoja wao alikuwa Saka.

WADENMARK WALIOISHIA NUSU FAINALI

Kwenye gemu, darasa kama hilo lilitolewa na Astralis, timu ya Denmark ya Counter-Strike, gemu ya kurushiana risasi watano kwa watano. Vijana wale walikuwa na kila kitu. Kwenye mashindano madogo walipiga watu, lakini kwenye yale makubwa, jukwaani, mbele ya mashabiki, walichemka. Mwaka 2016 huko Columbus, Marekani, waliishia nusu fainali, na kwa wafuatiliaji wa gemu hilo halikuwa jambo geni. Walishapewa sifa ya kupaniki.

Astralis ikamleta Mia Stellberg, mwanasaikolojia wa michezo kutoka Finland. Mwanasaikolojia kwenye timu ya gemu lilikuwa jambo la kuchekesha kwa wengi wakati ule. Januari 2017, mjini Atlanta, Astralis ilifika fainali ya mashindano makubwa dhidi ya Virtus.pro ya Poland. Ramani ya kwanza wakafungwa 16-12. Timu ya zamani ingeishia hapo. Hawa walichukua ya pili 16-14, na ya tatu 16-14, wakaondoka na kombe na dola 500,000.

Halafu wakatwaa London 2018, Katowice 2019 na Berlin 2019. Wakawa timu ya kwanza kubeba makombe makubwa manne ya gemu hiyo. Andreas Højsleth, aliyekuwemo kwenye kikosi kilichochemka Columbus, akawa gumzo kwa kubaki peke yake dhidi ya wapinzani wawili au watatu na bado kushinda raundi.

KINACHOFANYA KAZI

Anayecheza kwa simu au pedi nyumbani hana mwanasaikolojia wa kumlipa, lakini mengi kati ya haya hayana gharama.

La kwanza ni pumzi. Ukifungwa bao, kuna sekunde kadhaa ambazo mpinzani anashangilia kwenye skrini. Wengi wanabonyeza kitufe kuziruka ili waanze upya haraka, kama wale wapigaji wa Jordet na filimbi. Sekunde hizo ni mali. Pedi inawekwa magotini, pumzi inatolewa taratibu, mabega yanashuka, viganja vinafutwa.

La pili ni maneno ambayo mtu anajiambia. Mwaka 2014, Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia wana mzuka kabla ya kuhutubia au kufanya hesabu walifanya vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaokwenda mbio ni vigumu kuuamuru usimame. Ni rahisi zaidi kuupa kazi. "Nina mzuka" na "ninaogopa" zinauvaa mwili uleule.

La tatu ni kuachana na kikokotoo. Anayeingia kwenye mechi akiwaza daraja anakosa kitu cha kufanya na vidole. Mwenye kazi moja, kwa mfano "leo beki wa kati hatoki kwenye nafasi", anacho. Mechi ikiisha anajiuliza kama aliifanya kazi hiyo, halafu ndipo aangalie pointi.

La nne ni mazoezi yenye presha. Katika jaribio jingine la Beilock, waliojifunza kupiga mpira wa gofu huku wakirekodiwa na kamera hawakuporomoka siku ya presha ilipofika. Kwa mcheza gemu, kamera hiyo ni vijana waliojazana nyuma ya kiti, wakizomea. Ni mechi za mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Ni kuweka soda mezani. Kelele zikizoeleka mapema, siku ya mashindano zinakuwa kelele za kawaida.

La tano ndilo gumu kuliko yote: kujua muda wa kusimama. Mtu akifungwa anataka kulipa kisasi palepale, na hapo anaingia mechi inayofuata akiwa na hasira ya mechi iliyopita. Saa mbili baadaye ameshuka daraja mbili. Ukipoteza mbili mfululizo, weka pedi chini, kunywa maji, toka nje. Makocha wana wachezaji wa akiba, mcheza gemu peke yake hana. Lazima ajitoe mwenyewe.

HATA MABINGWA HUCHOKA

Mei 2020, Astralis ikiwa tayari imebeba makombe yake manne, nahodha wake Lukas Rossander alitangaza kupumzika kwa sababu ya msongo. Siku chache baadaye Højsleth naye akafuata. Yule aliyeonekana hana mishipa ya hofu, akibaki peke yake mbele ya maadui watatu, alikuwa amechoka kama binadamu mwingine yeyote.

Kwa vijana wanaokesha na simu wakitafuta kupanda daraja, habari hiyo ina uzito kuliko makombe yote manne. Mbinu za kupambana na mchecheto zinamsaidia mtu kucheza mpira anaoujua. Hazimgeuzi chuma. Usingizi ukikatika, chakula kikikosa ladha na gemu ikiwa mateso badala ya raha, dawa ya pumzi na maneno haitoshi. Hapo ni kuzima, na kuzungumza na mtu.

Rossander na Højsleth walifanya hivyo wakiwa juu kabisa, na nafasi zao wakawaachia wengine kwa muda. Wote wawili walirudi kikosini mwaka huohuo.