Ukiweka Loki ya Mtoto, Wewe Ndiye Kitasa

Kucha ya kidole changu cha kati, mkono wa kulia, imeota kombo tangu mwaka 1998. Wakati huo nilikuwa konda wa kipanya, zile Hiace za daladala zilizotawala Dar es Salaam, na kazi ya konda ilikuwa mlango. Unaning'inia, unagonga bati mara mbili dereva aondoke, halafu unausukuma mlango huku gari linatembea. Siku hiyo, maeneo ya Buguruni, dereva alikanyaga breki ghafla kabla mlango haujashika. Mlango wa aina ile hauna bawaba. Unateleza kwenye reli, kwa hiyo gari likisimama ghafla, mlango wenyewe unaendelea na safari kwenda mbele. Ulikikuta kidole changu kwenye nguzo.

Leo naendesha Noah ya kupeleka watoto shule. Watoto wananiita Anko. Kila asubuhi nikiwasha gari, sauti ya mwanamke inasema maneno ya Kijapani, na watoto wote wanaitikia, "Shikamoo bibi!" Nilikaa miaka miwili nikidhani anatusalimu kweli, mpaka kijana mmoja aliyesoma Japani akaniambia kuwa anadai kadi ya kulipia barabara za kule. Nalisema hili kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyoishi na magari haya yaliyotoka Japani: yanaongea, yana vibandiko vya maonyo kila mahali, na hatuelewi hata kimoja. Kitabu cha maelezo kikija na gari kimeandikwa Kijapani, kinaishia kuwekewa risiti za mafuta.

Kwa hiyo tuanze na kijiti kimoja ambacho wengi hatukijui. Fungua mlango wa kusukuma hadi mwisho, kisha tazama ukingo wake, karibu na komeo. Utaona kijiti kidogo cha plastiki, kwa kawaida kikiwa na kibandiko cha maandishi au mchoro pembeni. Hiyo ndiyo loki ya mtoto. Ukikisogeza upande wa kufunga, kitasa cha ndani kinakufa: mtoto atavuta hadi achoke. Kitasa cha nje kinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Mlango ukishafungwa kijiti hukioni tena, wala hakuna taa ya kukukumbusha kama umekiweka au hukukiweka.

Wazazi wengi huchanganya loki hii na senta loki, ile dereva anayobonyeza mlangoni kwake na milango yote ikalia "ta". Senta loki inamzuia mtu wa nje asiingie. Haimzuii mtoto wa miaka mitano aliyeketi dirishani, kwa sababu mlango wake una kijiloki chake cha ndani ambacho anakifungua kwa kidole kimoja, halafu anavuta kitasa. Nimeliona kwa macho yangu. Tulikuwa kwenye foleni ya Tabata, tunatembea kwa mwendo wa konokono, nikasikia upepo na kelele za bodaboda zimeingia ndani. Mlango wa kushoto ulikuwa unarudi nyuma taratibu, na mtoto aliyeufungua anacheka. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba loki ya mtoto nimeiweka. Nilikuwa nimeiweka kweli, ila jana yake nilipeleka gari kuoshwa, na kijana aliyefuta ukingo wa mlango kwa tambara alikisogeza kijiti bila kujua. Hana kosa. Kosa ni langu niliyeondoka bila kujaribu.

Tangu hapo hatuondoki bila jaribio. Dada wa gari, msaidizi wangu anayewaangalia watoto, anaingia, nafunga mlango kutoka nje, anafungua kijiloki cha ndani na kuvuta kitasa kwa nguvu. Usipofunguka, safari inaanza. Tunatumia chini ya dakika moja.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao wauza magari hawausemi. Ukishaweka loki ya mtoto, wewe ndiye kitasa. Ndani ya gari hakuna tena mtu wa siti ya nyuma anayeweza kujitoa kwa mlango ule. Gari likiwaka moto, likipinduka, dereva akizimia, watoto wanasubiri mtu wa nje. Ndiyo maana dada wa gari anakaa nyuma na watoto, si mbele na mimi, naye anajua njia tatu za kutoka: kupenya kati ya siti hadi milango ya mbele, kushusha kioo kwa swichi za dereva na kukishika kitasa kwa nje, au kuvunja kioo cha pembeni. Kioo cha mbele asihangaike nacho, kimetengenezwa kwa matabaka yaliyogandishwa na hakiachii. Cha pembeni ukikipiga kwenye kona kwa kitu kigumu chenye ncha kinamwagika chembechembe.

Mlango wa kulia nao una habari yake. Noah za zamani, zile za kuanzia 1996 hadi 2001, zilikuwa na mlango mmoja tu wa kusukuma, upande wa kushoto. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo mlango ulielekea pembeni mwa barabara. Zilizofuata zikaja na milango miwili, na wengi tulifurahia bila kufikiri kwamba wa kulia unamshusha mtoto katikati ya magari. Kwangu loki ya mtoto ya mlango wa kulia haijawahi kutolewa. Ukichukua gari hilihili ukaenda nalo Bujumbura, ambako wanaendesha kulia, mambo yanageuka: mlango wa kushoto ndio wa kuogopwa, na ile Noah ya mlango mmoja inamwaga abiria wake wote barabarani.

Kuhusu mlango wa umeme, fundi aliyenikagulia gari siku nalinunua aliniambia, "Huu hauwezi kumbana mtu, una akili." Akili unayo, ila ndogo. Ukikutana na kizuizi kikubwa njiani unarudi. Lakini watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba kitu chembamba, au kitu kilichobanwa pale mwisho kabisa mlango unapokaribia kufunga, unaweza usikitambue. Hata milango ya kusukuma kwa mkono, mingi ina kimota kinachoivuta sehemu ile ya mwisho ili ishike vizuri. Unadhani umeuacha wazi kidogo, kumbe wenyewe unamalizia. Niliwaonyesha watoto kwa ndizi mbivu. Niliishika kwa mkia, nikaiweka kwenye nguzo, mlango ukaja. Hakuna mtoto aliyehitaji hotuba baada ya hapo, na mmoja alikataa kula ndizi wiki nzima.

Nguzo ile ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Mtoto mfupi akipanda anatafuta cha kushika, na kinachomkaa mkononi ni nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, ambayo ndiyo hasa mlango unaikimbilia. Sheria yetu ni kwamba mlango haufungwi mpaka dada wa gari aone mikono yote juu ya magoti. Swichi kuu ya mlango wa umeme, iliyo kwenye dashibodi upande wa dereva, nimeizima, na mlango tunausukuma kwa mkono. Ukifunguka nao una hatari yake, kwani unarudi nyuma sambamba na bodi ya gari, na aliyesimama pale akiegemea anaweza kusukumwa au kubanwa mkono.

Kwenye mteremko, na sisi tunaopita Kimara tunaijua miteremko, mlango uvutwe hadi mwisho mpaka usikie "kacha". Hapo umeshikwa. Ukiuacha nusu, gari limeinama mbele, unashuka wenyewe, na ni mzito. Gari likizeeka kile kishikio kinalika na "kacha" haisikiki tena; hapo mpelekee fundi, usitafute jiwe la kuzuilia.

Vioo sitavizungumzia sana. Mlangoni kwa dereva kuna kitufe kinachozima swichi za vioo vya abiria. Kibonyeze. Mtoto akipiga goti juu ya swichi huku kichwa kiko nje, kioo kinaweza kupanda.

Ninalotaka kulisema kwa kirefu ni jambo lililonipata mwaka juzi, Januari, na sijalisimulia kwa wazazi wote. Dada wa gari alikuwa anaumwa. Niliwashusha watoto shuleni peke yangu, nikahesabu kwa macho, nikaondoka, nikaegesha juani karibu na mama ntilie ninapokunywa chai. Nilifunga gari kwa rimoti. Nikiwa nimeshaagiza chapati nikakumbuka simu. Nilirudi kuichukua, na kupitia kioo nikaona kandambili moja sakafuni, siti ya nyuma kabisa. Mwenye kandambili alikuwa amelala chini ya mabegi. Alikuwa amelowa jasho, lakini aliamka na kuniuliza kama tumefika. Zilikuwa zimepita dakika kama kumi. Chai ile sikuinywa.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, watafiti wa Marekani walipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ndani ya saa moja lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya kupanda huko ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia chochote cha maana. Chukua Dar ya Januari, nyuzi 32, ujumlishe mwenyewe. Na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wa mtu mzima, mara tatu hadi tano.

Huko huko magari yetu yanakotoka, Septemba 2022, katika mji wa Makinohara mkoani Shizuoka, mtoto wa kike wa miaka 3 alisahauliwa kwenye basi la chekechea kwa saa tano hivi. Alifariki. Chupa yake ya maji ilikutwa tupu. Kuanzia Aprili 2023 Japani ikalazimisha mabasi ya chekechea kufungwa kifaa cha tahadhari. Kwa aina moja ya vifaa hivyo, dereva akizima injini king'ora kinalia, na kitufe cha kukinyamazisha kiko nyuma kabisa, ili atembee mpaka mwisho akitazama siti. Baadhi ya shule za kule zikaanza pia kuwafundisha watoto kupiga honi, na mwenye mikono dhaifu akalie usukani kwa makalio.

Kifaa sina. Nina simu. Siku hizi simu yangu inasafiri siti ya nyuma kabisa, na siwezi kuondoka bila kwenda kuichukua. Honi nimewafundisha wote, nayo kwenye magari mengi inalia hata injini ikiwa imezimwa. Jaribu ya kwako uone. Na kama ufunguo umebaki ndani pamoja na mtoto, usisubiri fundi atoke Ilala. Vunja kioo cha pembeni kilicho mbali naye. Kama ni rimoti tu imeisha betri, tazama ndani yake, nyingi zina ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa.

Noah yangu ina siti nane. Nakiri kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nabeba watoto 13, na mmoja alikuwa akisimama ameegemea mlango ule ule ninaouandikia makala. Sasa nabeba sita, dada wa gari, na mimi, kila mmoja na mkanda wake. Bei ilipanda, na wazazi wawili walinihama.

Kwenu mliobaki nina ombi moja. Jioni gari likisimama ng'ambo ya barabara, msimwite mtoto kwa jina kutoka upande wa pili. Akisikia sauti ya mama yake haangalii bodaboda. Vukeni nyinyi, mje mpaka mlangoni, nitawafungulia.