Ukuta wa mtandao: Kinga ya afisi ndogo Migori na Homa Bay

WAHENGA walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika intaneti, ukuta hutangulia.

Iwe ni chama cha akiba cha wavuvi Mbita, zahanati mjini Rongo au shule ya Kendu Bay, kompyuta chache zilizounganishwa kwa ruta moja huweza kubeba pesa na siri za mamia ya watu.

Ukuta wa mtandao ni programu au kifaa kinachosimama baina ya kompyuta hizo na intaneti, kikikagua data inayoingia na kutoka. Ruta nyingi huuzwa zikiwa nao tayari. Kazi ni kuupanga.

Kwanza, badilisha neno la siri ambalo ruta ilitoka nalo kiwandani. Pili, kataa miito yote inayoanzia nje, kisha ruhusu ile tu inayohitajika. Mlango nambari 3389, unaotumiwa kuendesha kompyuta za Windows kutoka mbali, usiachwe wazi. Tatu, wageni wapewe mtandao wao, mbali na kompyuta ya mhasibu.

Uzembe una gharama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka mwenye data kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 akigundua uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika.

Hata hivyo, ukuta haumzuii mfanyakazi anayemtajia tapeli neno la siri kwa simu. Huyo hulindwa kwa mafunzo.